Supu ya maharagwe na nyama ya moshi, bila bizari wala tui

Nianze kwa kuwaomba radhi wapenzi wa bizari. Chungu cha leo hakina bizari, hakina tangawizi, hakina viungo vya paketi, na nazi nimeiacha ilipo. Kuna maharagwe, kipande cha nyama ya ng'ombe kilichokaushwa kwa moshi hapa uani, vitunguu, karoti, viazi na kitunguu saumu. Najua mtu wa pwani akitajiwa vitu hivi huuliza, "Na cha kukolezea ni kipi?" Cha kukolezea ni moshi. Nyama iliyokaa juu ya vifuu vya nazi tangu asubuhi hadi adhuhuri ina chumvi yake, ina uchungu wake wa mbali, ina harufu inayobaki kwenye leso hata baada ya kufuliwa, na maharagwe hunyonya kila kilichomo majini. Ukiitilia bizari nyama kama hiyo, kazi yote uliyoifanya mbele ya debe huku ukifuta machozi imekwenda bure.

Supu hii tumeirithi kwa ami yangu, mdogo wake baba, ambaye aliwapikia Wataliano maisha yake yote ya kazi. Kwa asiyeijua Malindi, Wataliano walianza kuzoeleka huku miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha San Marco cha kurushia roketi baharini, kule Ngomeni. Ndiko ilikorushiwa satelaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Nyuma ya mafundi wakaja watalii, nyuma ya watalii wakaja wa kununua viwanja na kujenga, na vijana wa Kiswahili na wa Kigiriama wakaingia jikoni na bustanini mwao. Leo muuza vinyago ufuoni anakutajia bei kwa Kitaliano kabla hajajua wewe ni nani. Ami yangu hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini Kitaliano chake ni cha kugombania nacho.

Tajiri wake wa muda mrefu alitoka Trieste, mji wa bandari ulio pembeni kabisa mwa Italia, mpakani na Slovenia. Watu wa Trieste wana supu yao inayoitwa jota: maharagwe, viazi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, na nyama ya nguruwe ya moshi, aghalabu mbavu. Ami ni Mwislamu. Chungu kile kilikuwa na mwiko wake na kisu chake, havikugusa kitu kingine, na kuonja hakuonja hata tone. Alikijua kimeiva kwa pua na kwa jicho. Mama wa nyumba alikuja na kijiko, akaonja, akasema "chumvi" au akasema "basi", akaenda zake. Mwanamume akapika chakula hicho miaka na miaka, akasifiwa kwacho na wageni kutoka Ulaya, na ladha yake haijui. Mimi jambo hilo hunistaajabisha kuliko hata roketi za Ngomeni.

Nyumbani ndipo alipoipika kwa ng'ombe, na hapo akaila. Na aliipika msimu mbovu, wageni wakikatika. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zikishika na kusi ikianza kuvuma, Mto Sabaki hushuka na tope lote la bara, na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mtalii hataki bahari hiyo. Hoteli nyingi hufunga, nyumba za Wataliano hubaki na askari wa lango na paka, na wafanyakazi hurudishwa makwao wangojee. Ami alirudi na muda mwingi na pesa kidogo, ndiyo hali inayofaa hasa kwa kupika maharagwe.

Nilipokua nikaanza kusoma habari za supu hizi, nikaona kwamba hata kule zilikotoka zilizaliwa na hali hiyo hiyo. Nguruwe alichinjwa baridi ilipoingia, nyama ikatiwa chumvi na moshi ili idumu hadi baridi iishe, na maharagwe yalikuwa yamekwisha kukaushwa tangu mavuno. Njia zikizibwa na theluji, mtu hupika kilicho ghalani. Ndiyo maana utaikuta supu ya namna hii Slovenia, utaikuta Serbia ikiitwa pasulj, na hata mkahawa wa Seneti ya Marekani kule Washington hupika kila siku supu ya maharagwe meupe na mguu wa nguruwe wa moshi, desturi iliyoanza mwanzoni mwa karne iliyopita. Siri ya zote ni moja: nyama ni kidogo, kazi yake ni kutia ladha maharagwe, si kujaza sahani. Ukiwa na nusu kilo ya nyama ya kawaida na watu wanane, utagawa vipande kwa kuhesabu na mtoto atalia. Nusu kilo hiyo hiyo ikiwa ya moshi, chungu kizima kinakuwa nyama.

Basi tuanze na nyama. Dukani, katika maduka makubwa ya Malindi yanayouzia wageni, utapata nyama za moshi za pakiti, nyingi ni nguruwe, na za ng'ombe zikiwapo ni vipande vyembamba vya kuwekwa kwenye mkate. Hazina mfupa, hazina mafuta, na bei yake ni ya watu wengine. Nenda kwa muuza nyama, umwambie akukatie kidari, au muundi pamoja na mfupa wake. Mimi nikipata vyote viwili huchanganya: kidari kwa mafuta, muundi kwa uboho na ile mishipa inayolainika ikaupa mchuzi uzito. Nyama laini ya steki usiipeleke kwenye moshi, itakauka iwe kandambili. Kidari hata ukikitesa, mafuta yake yanakilinda.

Kilo moja ya nyama ikate vipande vya unene wa vidole vitatu. Ipake chumvi kijiko kimoja na nusu cha mezani, pilipili manga iliyopondwa, na punje kadhaa za kitunguu saumu zilizosagwa. Ifunike, ilale kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ioshe haraka, ifute, uitundike mahali penye upepo mpaka ngozi yake ikauke, kwa sababu moshi haushiki vizuri kwenye nyama iliyolowa. Huishia kuipa rangi ya masizi na ladha ya masizi. Inzi wa Malindi nao wanajua saa. Ifunike kwa kitambaa chepesi, au iweke ndani mbele ya feni, ndivyo nifanyavyo mimi.

Mtambo wetu wa moshi ni debe la mafuta ya kupikia la lita ishirini, lililotolewa kifuniko na kitako. Debe lililokuwa na rangi au dawa usiliguse, hata uambiwe limeoshwa vipi. Chini kuna seredani ndogo yenye makaa machache, juu ya makaa kuna vifuu, na debe limekaa juu yake kama bomba. Karibu na mdomo wa debe nimepitisha nondo mbili nyembamba, na nyama inaning'inia kwa kulabu za waya. Mdomoni naweka gunia la katani lililoloweshwa likakamuliwa, na upande mmoja nauacha wazi kidogo moshi upate kupumua. Moto uwe mdogo kiasi kwamba ukiuweka mkono usawa wa nyama unaweza kuhesabu kumi polepole kabla hujauondoa. Ukishindwa kufika tano, unachoma mishkaki, ondoa makaa.

Habari ya kuni ina mambo yake. Vifuu vya nazi vinafaa sana, tena pwani hii ni takataka za bure. Vunja vipande vidogo, viwe vikavu, na ung'oe nyuzi zake. Makumbi yenyewe siyapendi, hutoa moshi mzito mweupe unaoacha nyama chungu. Mti wa mpera ndio mtamu kuliko yote, na kila jirani anayepogoa mpera wake anajua nitagonga mlango. Mvinje hutoa moto mkali kuliko moshi, basi uache upike wali. La kukatazana ni maganda ya korosho. Huku kwetu Kilifi yamejaa, yanawaka vizuri, na mtu anaweza kudhani amepata kuni ya bahati, lakini ndani yana mafuta makali yanayochoma ngozi, na moshi wake ni sumu kwa macho na kifua. Mbao zenye rangi au dawa ya mchwa, hivyo hivyo. Angalia pia rangi ya moshi. Ukiwa mwembamba wenye ubuluu, uko sawa. Ukiwa mweupe na unaviringika, makaa hayapati hewa; inua debe kidogo.

Saa tatu hadi nne zatosha. Kipande kikiwa cha rangi ya mbao ya msaji kwa nje, na ukikikata ndani hakina wekundu wa damu, kimekwisha. Usitarajie ile rangi ya waridi ya nyama za dukani. Zile hutiwa chumvi maalumu yenye naitraiti, ambayo huzuia vijidudu hatari na ndiyo inayoshikilia rangi. Yetu haina, kwa hiyo ni ya kahawia, na kwa hiyo pia si ya kuning'inizwa jikoni wiki nzima kwa kudhani moshi umeihifadhi. Moshi huu ni wa ladha. Nyama ikipoa iingie friji, itumike ndani ya siku tatu au nne, au igandishwe. Mimi hufanya kilo mbili kwa mpigo, nagandisha vipande kwa mafungu ya chungu kimoja kimoja, na ndipo debe linapumzika na majirani wanapumzika.

Asiye na ua, anayekaa ghorofani au nyumba ya kupanga yenye mama mwenye nyumba mkali, anayo njia ya mkato ambayo wapishi wa pwani wanaijua tangu zamani. Pika supu kwa nyama ya kawaida iliyokaangwa hadi ikashika rangi. Ikiiva, weka kibakuli kidogo cha chuma kielee juu ya maharagwe, tia kaa moja jekundu, mimina kijiko cha samli juu yake, ufunike haraka. Dakika tano. Si sawa na debe, sitawadanganya, lakini mgeni asiyejua atauliza umefanyaje. Na tusijifanye moshi katika chakula ni jambo la Ulaya. Aliyewahi kunywa maziwa ya Waorma au ya Wasomali kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa anajua ninachosema.

Maharagwe sasa, na hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Wataliano hutumia aina iitwayo borlotti, yenye ganda la rangi ya maziwa na madoadoa mekundu. Ami alipoulizwa na tajiri wake kama yanapatikana Malindi, alikwenda sokoni akarudi na rosikoko, na hakuna aliyelalamika. Kwa sura na kwa ulaini ni ndugu. Wanaofuata Serbia watafute meupe. Mekundu yanafaa, ila mchuzi wake ni mweusi kidogo. Lolote utakalochagua, muulize muuzaji ni ya mavuno gani. Hapa pwani maharagwe yanatoka bara na Tanzania, na yakikaa ghalani kwa joto na unyevu wetu huwa magumu kwa namna ambayo hata ukiyapika hadi Ijumaa hayalainiki. Yale yaliyovunwa Julai na Agosti, au yale ya mvua za vuli yanayoingia Januari na Februari, ndiyo ya kukimbilia. Punje mpya hung'aa. Ya zamani ina ganda lililofifia na lililokunjamana.

Halafu maji. Nimeolewa Shela, Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu, na kisima chetu kina maji ambayo hata sabuni haitoi povu. Maji magumu hivyo, yenye chokaa nyingi, hukaza maharagwe badala ya kuyalainisha. Ile chokaa hushikana na ganda na kulifunga. Mavyaa yangu kwa miaka alilaumu makaa, akalaumu sufuria, akalaumu muuza maharagwe. Tulipoanza kutumia maji ya mfereji, yanayotoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, mambo yakawa mengine, na bora zaidi ni maji ya mvua, ambayo msimu wa supu hii ndiyo yaliyojaa pipani. Mfereji ukikauka, na hukauka, nanunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa ajili ya chungu hiki tu. Kuna wanaotia magadi. Kweli yanalainisha, tena haraka, lakini yanaua vitamini B1 na yanaacha ladha ya sabuni, na kwenye supu isiyo na bizari ladha hiyo haina pa kujificha.

Nusu kilo ya maharagwe yachambue, uyaoshe, uyaloweke usiku kucha katika lita mbili za maji na kijiko kimoja cha mezani cha chumvi. Ndiyo, chumvi. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba chumvi hukaza maharagwe, na mimi niliamini, lakini ukiitia kwenye maji ya kulowekea hulainisha ganda na punje haipasuki ovyo. Kinachokaza ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Hivyo vije mwisho. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, na uchemshe kwa moto mkali, mapovu yakiruka, dakika kumi kamili na zaidi. Hili si la kupuuza. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayoleta matapishi na tumbo la kuendesha, na inakufa kwa mchemko mkali tu. Wenye vile vyungu vya umeme vinavyopika polepole kwa joto dogo wachemshe kwanza kwenye meko, kwa sababu joto lile dogo haliiui ile sumu. Mwaga tena maji hayo ya kwanza yenye povu.

Sasa chungu kinaanza. Kwenye mafuta kidogo kaanga vitunguu maji viwili vikubwa na karoti mbili zilizokatwa ndogondogo, kwa moto wa wastani, mpaka vitunguu viwe laini na vya dhahabu. Usivichome kama vya biriani. Tia kitunguu saumu, kijiko cha pilipili nyekundu ya unga isiyowasha ukiwa nayo, halafu nyama ya moshi pamoja na mfupa, halafu maharagwe, halafu maji matamu ya kufunika vyote kwa upana wa vidole vinne. Tawi la rozimeri huomba kwenye bustani za wageni, ukikosa, acha. Chumvi usitie bado. Nyama inayo, na utajua ya kuongeza mwisho.

Kikichemka, punguza moto mpaka uso wa mchuzi utikisike tu. Saa moja na nusu, pengine mbili. Sufuria ya presha itakumalizia kwa nusu saa, na mtungi wa gesi ukikaribia kwisha hata mimi naitumia, ila mchuzi wake hutoka mwepesi na inabidi uuchemshe tena wazi. Viazi vitatu vilivyokatwa vitie nusu saa kabla ya kuipua. Maharagwe yakiwa laini hata yakipondeka kwa ulimi, chota upawa mmoja na nusu, yaponde pembeni, uyarudishe. Huo ndio uzito wa supu. Unga hautakiwi. Itoe nyama, ichambue na mfupa, ikate vipande vidogo sana, uirudishe. Uboho ugonge ndani ya chungu, na anayeupenda mfupa wenyewe awe karibu.

Mavyaa, Mungu amweke, kila nikifika hapa huja na kibia cha tui.

"Mwanangu, maharagwe bila tui ni ya hospitali."

"Mama, ionje kwanza."

"Naionja. Ina moshi."

"Ndiyo yenyewe."

"Basi weka kasimile kidogo, huo moshi uwe na pa kukaa."

Nimelifikiria neno lake, kwa sababu mavyaa yangu hapiki vibaya na maharagwe yake ya nazi na mahamri ni ya kusafiriwa. Nikatia tui katika bakuli moja, pembeni. Lilikuwa tamu, ila halikuwa lile. Tui lina mafuta na utamu wake, na moshi ukiingia humo unalala. Harufu unaisikia ukiinama, mdomoni haipo. Nilimwekea bakuli lake, na tangu hapo kila mtu ana haki yake: chungu hakina tui, na kibia kiko mezani kwa anayetaka. Mume wangu, aliye katikati ya wanawake wawili, hula la kwanza bila tui na la pili na tui, na husema yote ni mazuri. Ndoa inadumu.

Uchachu ndio ninaousisitiza badala yake. Jota ya Trieste inapata uchachu wake kwenye ile kabichi, na ami aliwahi kuichachusha mwenyewe kwenye mtungi wa kioo: kabichi iliyokatwa nyembamba, chumvi, kuifinyanga mpaka itoe maji yake, na kuishindilia izame. Kwa joto la Malindi inachacha haraka kuliko kwao, siku chache tu imeshaanza kutoa mapovu, na ukiisahau inalainika vibaya. Sisi tumeacha kazi hiyo. Tunacho cha kwetu: achari ya ndimu. Kijiko kidogo cha achari, ile iliyokaa juani mpaka ganda likalainika, kiweke katikati ya bakuli la supu ya moto, uivuruge mwenyewe. Mafuta ya kidari yanakatika, moshi unainuka, na pilipili inakuja nyuma. Ami alipoonja hivyo mara ya kwanza kwangu alinyamaza, akanyosha bakuli liongezwe. Kwa tabia yake hiyo ni hotuba.

Kuna watakaosema supu nzito ya moto haina maana katika mji wa joto. Watu hao hao asubuhi utawakuta wakinywa supu ya mbuzi na jasho linawatiririka, na alasiri chai ya tangawizi. Hata hivyo sibishani nao sana, kwa sababu Februari, kaskazi ikiwa imetulia na shuka linanata mgongoni, mimi mwenyewe siipiki. Ni ya Mei hadi Agosti, usiku kusi inapopiga madirisha na mtu anatafuta shuka la pili. Iliwe na boflo la siku hiyo, lile la ganda gumu, au na mkate wa mofa ukiupata. Chapati inafaa ila inashibisha mapema, na hii ni supu ya kurudia.

Kilichobaki siku ya pili ni kizuri zaidi, na kizito zaidi. Maharagwe huendelea kunywa mchuzi hata ndani ya friji. Kiongeze maji ya moto, ukipashe taratibu huku ukikoroga hadi chini, maana wanga wa maharagwe hushika kitako cha sufuria na ukiungua hapo moshi utakaoupata si wa mpera. Ukitaka kugandisha, gandisha bila viazi, kwa kuwa vikiganda na kuyeyuka huwa vya majimaji na vya chengachenga. Vichague kwa kijiko kimoja kimoja, uvile hapo hapo umesimama mbele ya friji kabla watoto hawajarudi madrasa.